Taiti Yenye Godoro na Barabara ya Mtera

Mwanzoni mwa muhula huu nilifua nguo zangu Jumamosi asubuhi, nikazianika kwenye kamba nyuma ya hosteli, nikaenda zangu kujisomea. Niliporudi mchana nilikuwa nimeshapewa jina jipya: Pampasi. Jamaa ninaolala nao chumba kimoja, watu tunaochanga hela ya unga na kuombana bando, walikuwa wameizunguka kamba wanachunguza taiti nyeusi ya waendesha baiskeli. Nilikuwa nimeigeuza ndani nje ili ikauke vizuri, kwa hiyo kile kipande cha sponji cha katikati kilikuwa kimetuna hadharani. "Mwanangu, hii ni yako kweli, au umemfulia mtoto wa dada yako?" Wakacheka, na mimi nikacheka. Usiku taa zilipozimwa, mmoja wao akaniita kwa sauti ya chini, akaniuliza kama nina shida ya kubana mkojo. Akasema nisione aibu, kuna daktari mzuri anamfahamu.

Nilimshukuru, maana alisema kwa upendo. Lakini hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili linahitaji kuandikwa. Humu chuoni tuko wengi tunaoendesha pikipiki, na wengi wetu tunaumia kimyakimya sehemu ambayo hakuna anayependa kuitaja. Hoja yangu ni nyepesi: kama unaendesha pikipiki safari ndefu, vaa taiti yenye sponji ndani ya suruali yako, na usimwombe mtu radhi. Maumivu unayoyavumilia kwenye makalio hayabaki kwenye makalio. Yanapanda mpaka kwenye macho unayotazamia njia na mikono unayoshikia usukani.

Nianze na habari yangu, maana sikuipata hoja hii kitabuni.

Pikipiki ninayoendesha siyo yangu. Mama aliinunua kwa hela za kikoba, akasema ni ya nyumba nzima. Chuo kikifunguliwa naileta Dodoma, jioni na wikiendi nabeba abiria, na hizo hela ndizo zinazoziba pengo kati ya bumu na maisha yenyewe. Chuo kikifungwa naipeleka Iringa, kwa sababu huko nako inasubiriwa: kuna nyanya na viazi vya mama vya kufikishwa sokoni, na kuna bamdogo ambaye kazi yake ni bodaboda. Kuipakia kwenye lori ni gharama, na mimi mwenyewe bado nahitaji nauli. Kwa hiyo naiendesha. Dodoma mpaka Iringa ni kama kilomita 260, na kwa mwaka naenda na kurudi mara mbili. Piga hesabu: zaidi ya kilomita 1,000 juu ya siti moja ambayo sponji yake imeshalala kitambo.

Anayeijua njia hiyo anajua ni lami tupu, nzuri. Unatoka Dodoma, unafika Fufu, unashuka kuelekea Chipogolo, mibuyu huku na huku, joto linakupiga usoni. Unavuka Mtera pale bwawani, mahali Dodoma inapokutana na Iringa, harufu ya samaki wa kukaanga inakuita usimame. Kisha Migori, kisha Izazi, kisha unaanza kuukwea mlima Nyang'oro na kona zake, na ukimaliza kupanda, hewa inabadilika, unaanza kutamani koti.

Kumbe uzuri wa lami una adhabu yake. Kwenye njia ya vumbi yenye mashimo, mwendesha pikipiki anainuka kila mara, anasimama juu ya vikanyagio, damu inatembea. Kwenye lami iliyonyooka hakuna kinachokuinua. Unakaa vilevile, kilomita 60 au 70 kwa saa, mtetemo wa injini ya pistoni moja unakuja kutoka chini, saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wenzangu wanafikiri safari ngumu ni ile ya njia mbaya. Mimi safari iliyotaka kuniua ilikuwa kwenye njia nzuri.

Ilikuwa likizo ya kati ya mihula, narudi nyumbani. Nilikuwa nimevaa jinzi, na ndani chupi ya kawaida. Maumivu yalianza kabla sijafika Fufu. Nikajiambia nitazoea. Mtera nilisimama dakika tano, nikanywa maji, nikaona aibu kujinyoosha mbele ya watu wanaokula samaki, nikapanda tena. Baada ya Migori nikaanza ile michezo ambayo kila mwendesha pikipiki anaijua: unakalia kalio moja, kisha jingine, unasogea mbele mpaka tangi, unarudi nyuma mpaka siti ya abiria, unafungua magoti, unafunga. Nilikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Mguu wa kulia ukaanza kuchoma kama sindano, kisha ukanyamaza. Nikafurahi kwamba umenyamaza! Sikujua kwamba ganzi ndiyo hatari yenyewe.

Karibu na Izazi kulikuwa na mvulana anavusha ng'ombe. Siyo kwamba walitokea ghafla. Mtu mwenye akili timamu angewaona kutoka mbali. Mimi wakati huo nilikuwa nimeinama upande, natafuta mahali pa kuweka uzito wangu, macho yangu yako kwenye tangi. Nilipoinua kichwa walikuwa mbele yangu. Nikakanyaga breki ya nyuma kwa mguu wa kulia, kama inavyokanyagwa, na nakwambia ukweli: sikuusikia mguu. Nilijua nimeuamuru, lakini sikujua kama umetii. Kwa hofu nikabana breki ya mbele, tairi likakutana na mchanga wa pembeni mwa lami, pikipiki ikalala, nikateleza nayo. Tulisimama hatua mbili tatu kutoka kwenye miguu ya yule mtoto. Hakukimbia. Alisimama na fimbo yake ananiangalia, kisha akasema, "Kaka, umeumia?" Nikasema hapana. Akanisaidia kuinua pikipiki, kwa sababu mimi sikuweza hata kusimama vizuri, miguu ilikuwa imekufa.

Nilichunika kiwiko, kioo kimoja kikavunjika. Nyumbani nilisema pikipiki iliangushwa na upepo nilipoiegesha. Mama, kama gazeti hili litakufikia, hakukuwa na upepo.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa naota yule mtoto na fimbo yake. Na kila nilipojiuliza kosa lilikuwa wapi, jibu halikuwa mwendo, halikuwa pombe, halikuwa breki mbovu. Kosa lilikuwa kwamba nilikuwa na maumivu, nikayaita uvumilivu, nikaendelea.

Ukikaa, uzito wa mwili wako unatua zaidi kwenye mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Kati ya mfupa na siti kuna nyama na ngozi, na vinabanwa pamoja. Damu inapita kwa shida, mishipa ya fahamu inakandamizwa, ndipo panapoanza kuuma na kuchoma na mwisho kufa ganzi. Ongeza joto na jasho: ngozi iliyolowa inalainika, na ngozi laini inachubuka upesi. Kisha ongeza jinzi. Geuza jinzi yako uiangalie: mishono inakutana palepale katikati, minene, migumu, na wewe umeikalia saa nne. Chupi nayo ina mishono yake. Yaani tunajifunga kamba kisha tunashangaa tunaumia.

Waendesha baiskeli waliliona tatizo hili zamani sana. Zamani kaptura zao zilikuwa za sufu, na ndani walishona kipande cha ngozi laini ya mnyama wa milima ya Ulaya, wa jamii ya mbuzi. Ngozi ile ilikuwa ikifuliwa inakauka na kukakamaa, kwa hiyo waliipaka krimu ili ilainike. Mwaka 1958 huko Marekani ukagunduliwa uzi unaovutika, ule unaojulikana kwa jina la Lycra, na baada ya muda kaptura za baiskeli zikawa hizi taiti za kubana tunazoziona leo. Ngozi nayo ikaondoka, ikaja sponji iliyofunikwa kitambaa laini kisicho na mshono katikati. Kazi ya sponji ile ni kusambaza uzito usikae sehemu moja, na kazi ya kitambaa ni kunyonya jasho na kuzuia msuguano. Hakuna muujiza.

Mimi sikuambiwa hayo na Mzungu. Aliyeniambia ni jamaa wa kozi yetu anayetoka Shinyanga, na kwao baiskeli siyo mchezo. Nilikuwa nachechemea darasani baada ya safari ya kurudi, akanicheka, kisha akasema: "Sisi tukishindana huwa tunavaa zile taiti zenye sponji. Wewe unakaa kwenye mashine masaa matano na jinzi, umelaaniwa?"

Jumamosi iliyofuata nikaenda mnada wa Msalato. Nilimkuta mama mmoja amekaa mbele ya rundo la taiti za mtumba, mkasi mkononi. Anachukua taiti, anaigeuza, anakata sponji, anaitupa pembeni, anakunja taiti. Pembeni yake palikuwa na kilima kidogo cha masponji. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona anazikata.

"Mwanangu, hizi zina vigodoro," akasema. "Nikiziacha hivi wateja wanacheka, hawanunui. Wadada wanataka taiti za kuvaa ndani ya sketi, na vijana wanataka za mpira."

"Mimi naomba ambazo hujazikata, mama."

Akasimamisha mkasi. Akaniangalia kama anayetaka kuuliza kitu, kisha akaacha. Nikapata mbili kwa 6,000. Nikiwa naondoka nikawa naangalia kile kilima cha sponji chini, nikafikiri: kitu kilichotengenezwa ili mtu asiumie, sisi tunakikata na kukitupa ili watu wasicheke.

Nimeshazivaa safari tatu sasa, na sitaki kukudanganya kwamba ni peponi. Ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa na sponji nene kweli, nikidhani unene ndiyo raha. Saa ya kwanza nilikuwa mfalme. Kufika Chipogolo ilikuwa imelowa jasho, nimekalia kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ya pili ina sponji nyembamba lakini ngumu kiasi, ukiibonyeza kwa kidole inarudi. Hiyo ndiyo iliyonifikisha Iringa nikashuka na kusalimia watu kama binadamu. Maumivu yalikuwepo, lakini yalianza nikiwa nimeshapita Migori, siyo kabla ya Fufu, na mguu wa kulia haukufa ganzi hata mara moja. Pale Izazi nilipita polepole nikiangalia pande zote mbili. Niliziona mbuzi kutoka mbali kabisa.

Sasa nijibu maneno ya kwenye korido.

La kwanza, kwamba mwanaume havai hivyo. Hapa dada zetu wametuzidi akili. Mwanamke akitembea mchana kutwa na joto hili la Dodoma anavaa taiti ndani ya sketi ili mapaja yasisuguane, na hakuna mkutano unaoitishwa kujadili. Anajua mwili wake ni wa nyama. Ni sisi tu tunaotaka kuonekana tumeumbwa kwa bati. Na kama unatafuta wanaume wa shoka, Marekani kuna chama cha waendesha pikipiki wa safari ndefu kinaitwa Iron Butt Association, yaani, kwa heshima zote, Chama cha Makalio ya Chuma. Jaribio lao la kuanzia ni kuendesha maili 1,000, zaidi ya kilomita 1,600, ndani ya saa 24. Watu wenye jina kama hilo ndio wa kwanza kuhangaika na siti gani inafaa na nguo gani ivaliwe ndani, kwa sababu wanajua kwamba kinachokera kidogo saa ya kwanza, saa ya kumi kinakuwa adui. Chuma chao kipo kwenye jina.

La pili lina uzito zaidi: kwa nini usitengeneze siti? Ni kweli, siti ndiyo chanzo, na fundi siti mzuri akikuwekea sponji mpya utashukuru. Ukiweza, fanya hivyo. Lakini tuangalie pikipiki tunazoendesha. Wengi wetu tuko kwenye mkataba: chombo ni cha mtu, kila jioni anasubiri hesabu yake, na hataki uguse hata taa. Wengine tunaazima kwa kaka. Mimi naendesha ya familia, na siti inayonifaa mimi mrefu inamnyima bamdogo kukanyaga chini vizuri. Taiti ni ya mwili wako, unaenda nayo kwenye chombo chochote, hata ukiwa abiria wa nyuma. Dada mmoja wa mwaka wa tatu ambaye hubebwa na mumewe kwenda kwao kila mwisho wa mwezi aliniambia kwamba nyuma ndiyo balaa zaidi, maana mbele angalau una usukani wa kushika. Anavaa taiti yake chini ya sketi ndefu, na wakwe hawajui.

La tatu: mbona bodaboda wanakaa siku nzima na hawavai? Ninabeba abiria, naijua kazi hiyo. Bodaboda wa mjini anapanda na kushuka. Anapeleka mtu dakika kumi, anarudi kijiweni, anasimama, anajilaza juu ya pikipiki, anasukuma stori. Safari ndefu ni kitu kingine, ni kukaa bila kushuka. Na isitoshe, nani amekwambia hawaumii? Umewahi kuwauliza? Mtu anaweza kukusimulia ajali zake zote, na bado asikwambie kuhusu jipu alilokuwa nalo wiki nzima mahali asipoweza kumwonyesha hata mke wake.

La nne ni kwamba hela yenyewe haipo, na kama ipo inunue helmeti kwanza. Hapa sibishani. Helmeti kwanza, ya kwako na ya abiria, iliyofungwa mkanda, siyo ya kuning'inia mkononi mpaka umwone trafiki. Viatu vya kufunika mguu vya pili. Taiti ije baada ya hapo. Lakini taiti ya mtumba ni bei ya chipsi mayai na soda, na wote tunajua chipsi tunakula.

Kwa aliyeshawishika, haya ndiyo niliyojifunza kwa kuumia, uyapate bila kuumia.

Usivae chupi ndani yake. Najua inasikika vibaya, lakini taiti hiyo imetengenezwa iguse ngozi. Ukivaa chupi umerudisha mishono ileile uliyoikimbia. Juu yake vaa suruali ngumu, kwa sababu taiti haitakusaidia chochote ukianguka kwenye lami. Itachanika kabla ya ngozi yako. Ni nguo ya kukuzuia usifike kwenye ajali umechoka, siyo ya kukukinga ajali ikishatokea.

Ukichagua mnadani, angalia umbo la sponji. Za mashindano zimetengenezwa kwa mtu aliyeinama, kwa hiyo sponji imekaa mbele na ni nyembamba nyuma. Kwenye pikipiki tunakaa wima, uzito uko nyuma. Tafuta ambayo sponji yake ni pana upande wa makalio. Ivute kitambaa: kikirudi haraka, kizima, kikibaki kimelegea au kikilia kama kinachanika, kiache. Iwe ya kubana bila mikunjo, kwa sababu kila mkunjo ni kidonda kinachosubiri. Ukiweza, ivae juu ya nguo ukae kwenye kigoda cha muuzaji. Watu watacheka. Kaa.

Ifue kabla ya kuivaa mara ya kwanza, ni mtumba. Kisha ifue kila baada ya safari, siyo kila baada ya safari mbili. Ile sponji inakunywa jasho, na jasho lililolala linazaa wadudu, na wadudu wanazaa majipu. Sabuni ya kawaida, maji mengi, iminye kwa kiganja bila kuikamua kwa kuisokota, igeuze ndani nje, ianike mpaka katikati pakauke kabisa. Nguo iliyokauka nje na mbichi ndani ni mbaya kuliko kutokuvaa kitu. Na usipake mafuta mazito ya mgando ukidhani unasaidia. Yanang'ang'ania kwenye kitambaa na kufulika ni kazi.

Halafu simama. Taiti haijafuta kupumzika. Mimi sasa kila baada ya saa moja hivi nasimama, nashuka, natembea hatua za kutosha, nachuchumaa, nainuka. Mtera nanyoosha miguu mbele ya wala samaki wote na sioni aibu tena. Na ukishuka ukaona ganzi haiondoki, au una jipu, au pamechubuka na panatoa maji, nenda zahanati. Mimi niliwahi kukaa na jipu siku sita kwa sababu sikutaka nesi wa kike alione. Nilipofika alilitazama kwa sekunde chache, akasema, "Mngekuwa mnakuja mapema," na kuendelea na kazi. Siku sita za homa kwa ajili ya sekunde hizo.

Kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi nina ombi moja, na halina bajeti. Wanachuo wapya wakifika tunawaitia polisi wa usalama barabarani awaambie wavae helmeti na wasipakie mishikaki. Vizuri. Ongezeni nusu saa kwa ajili yetu tunaosafiri na pikipiki kufunga na kufungua chuo: wapi pa kupumzika, nini cha kuvaa, dalili gani zinakwambia simama. Mwiteni yule jamaa wa Shinyanga, anaongea vizuri kuliko mimi.

Tumelelewa na neno uvumilivu, na ni neno zuri. Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa, na mimi naamini. Nimevumilia foleni za bumu, nimevumilia supu ya somo ambalo hata sasa silielewi. Lakini uvumilivu ni wa mambo usiyoweza kuyabadilisha leo. Maumivu ambayo dawa yake inauzwa 3,000 Msalato, na ambayo ukiyabeba yatakuondolea macho barabarani kwenye njia wanayopita watoto wa watu, kuyavumilia ni uzembe tu. Yule mvulana wa Izazi hakukubaliana na mimi kwamba tutavumilia pamoja.

Likizo iliyopita nilifika Iringa jioni, nikavua suruali chumbani, bamdogo akaingia bila kubisha hodi akaniona na taiti yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akatoka kwenda kumwita jirani aje aone. Kwenye chakula akaniita mtoto wa mjini. Ni mtu aliyeendesha bodaboda tangu mimi niko shule ya msingi, nikaona haina haja ya kubishana naye.

Kesho yake asubuhi niko nje natia pikipiki maji, akaja akasimama pembeni yangu, akaikagua tairi ambayo haikuwa na tatizo. Akaminya breki. Akakohoa.

"Hivyo vitu vyako," akasema, bila kuniangalia, "huko Dodoma zipo za saizi yangu?"

Nimeshampatia mbili. Yangu leo iko kwenye kamba palepale nyuma ya hosteli, imegeuzwa ndani nje. Wanaotaka kucheka wacheke. Ila msiianue, ina safari mwezi ujao.